Mgodi wa makaa ya mawe umefungwa: mwongozo kamili wa kupanga ukarabati na kupata fedha zake

Mipango ya ufungaji mgodi inayorudishwa inafanana. Kurasa ishirini za mvua, wanyama na historia ya kijiji, picha za miche kwenye viriba, kisha jedwali la gharama lenye fedha zisizotosha hata kukodi kijiko na katapila kwa miezi miwili. Mwenye leseni anaongeza miche, anaupeleka tena, unarudishwa tena. Huku nyuma shimo linajaa maji.

Miche haina kosa. Kinachokwamisha ni hesabu ya kifusi, hesabu ya maji, na swali ambalo wengi hawapendi kuulizwa: fedha hizo ziko mikononi mwa nani?

Mwongozo huu ni wa mwenye leseni ndogo au ya kati, halmashauri ya kijiji iliyoachiwa shimo, na afisa mazingira wa wilaya aliyekabidhiwa faili. Nimeuandika kwa mazingira ya ukanda wa makaa wa kusini mwa Tanzania, kuanzia Mbinga na Ludewa hadi Kiwira, ambako mvua ni za msimu mmoja na mito mingi inashuka kwenda Ziwa Nyasa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya leseni na barua ya Tume ya Madini inayoonyesha hali yake ya sasa.
- Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, au mpango wa kulinda mazingira kwa mwenye leseni ndogo.
- Ramani ya eneo yenye vipimo vya mwinuko. Kama mgodi ulikuwa wa chini kwa chini, ramani za mahandaki. Zitafuteni kwa udi na uvumba; zikipotea hazitengenezeki upya.
- Futi kamba ya mita 50, chepe, nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita 1, ndoo ya lita 20, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi), chupa safi na mifuko ya sampuli.
- Maabara mtakazotumia: GST (taasisi ya jiolojia) Dodoma kwa mawe na kifusi, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Uyole au SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) kwa udongo, maabara ya ubora wa maji ya kanda kwa maji.
- Bei za maandishi kutoka kwa makandarasi watatu wasiohusiana na mwenye mgodi.
- Muda wa mwaka mmoja, ili mpime kiangazi na masika. Mpango uliopimwa Septemba peke yake haujayaona maji.

## Hatua ya 1: Jua deni ni la nani

Nendeni kwa Afisa Madini Mkazi kabla ya kugusa chepe. Ulizeni mambo matatu: leseni iko hai, imeisha au imefutwa; iliwekwa dhamana yoyote; na kuna mtu ameomba eneo hilo upya?

Swali la tatu linasahauliwa sana. Shimo lililobaki na makaa linaweza kuombwa na mchimbaji mwingine mwaka ujao, na msitu wenu ukafumuliwa ungali mchanga. Kama kuna mwombaji, wajibu wa ukarabati wa zamani uandikwe kwenye masharti yake tangu siku ya kwanza.

Leseni kuisha hakufuti deni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imesimama juu ya kanuni kwamba aliyeharibu ndiye anayelipa, na imempa Waziri mamlaka ya kudai dhamana ya utekelezaji wa mazingira.

Tahadhari: kijiji kisianze kufukia kwa nguvu zake kabla ya ukaguzi rasmi. Mkifukia mmefukia na ushahidi, na mwenye deni atasema kazi ilikwisha kufanyika.

Mmefanikiwa pale mnapokuwa na barua moja inayotaja jina la anayewajibika, au inayosema wazi kwamba eneo limetelekezwa.

## Hatua ya 2: Zuia vifo kwanza

Hatua hii haisubiri mpango. Zungushieni ukuta wa mgodi boma la miiba au tuta la kifusi lililo mbali na ukingo, kwa kuwa ukingo wenyewe hubomoka. Wekeni mabango yenye picha ya fuvu, maana mtoto wa miaka sita anayechunga mbuzi hasomi maandishi.

Mlango wa handaki ufungwe kwa ukuta wenye bomba la kutolea maji chini yake. Ukiziba bila bomba, maji yatajikusanya nyuma ya ukuta hadi siku yatakapousukuma.

Asiingie mtu ndani. Methani, gesi ya migodi ya makaa, hulipuka ikifikia asilimia 5 hadi 15 ya hewa, na hewa iliyoishiwa oksijeni haina harufu wala rangi. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeingia kumtoa wa kwanza.

Kisha kagueni lundo la makaa taka alfajiri. Mnatafuta mvuke unaopanda, mabaka yasiyo na umande wakati kwingine kote kumelowa, nyasi zilizokauka kwa duara, na harufu inayokaribia ya petroli. Hizo ni dalili kwamba lundo linaungua ndani kwa ndani. Msimwagie maji juu juu: huzalisha gesi ya kulipuka na kuacha moto chini. Kijiko kifumue sehemu hiyo, makaa yatandazwe yapoe, kisha yashindiliwe kwa tabaka nyembamba za sentimita 30 na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi.

Wala msigeuze shimo kuwa dampo la kuchomea taka. Huko Centralia, Pennsylvania, moto unaoaminika kuanzia kwenye dampo lililokuwa ndani ya shimo la zamani la makaa uliwaka mwaka 1962. Ungali unawaka, na mji karibu wote umehama.

## Hatua ya 3: Pima kifusi, udongo na maji

Hapa ndipo mipango mingi inapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Ujazo. Gawanyeni eneo katika vipande: shimo, malundo ya kifusi, barabara, uwanja wa makaa, mabwawa. Kila kimoja kiwe na hekta zake na mita zake za ujazo. Mwamba uliolipuliwa hufura kwa asilimia 20 hadi 30, hivyo lundo linaweza kuonekana linatosha shimo na kumbe likishushwa linabonyea. Udongo wa juu uhesabiwe peke yake: kutandaza sentimita 30 kwenye hekta moja kunahitaji mita za ujazo 3,000. Kama ulichanganywa na kifusi wakati wa kuchimba, andikeni hivyo hivyo kwamba haupo.

Asidi. Makaa mengi na mawe yanayoyazunguka yana pairiti, madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji inatoa asidi ya salfuriki na kuacha tope la rangi ya machungwa mtoni. Msichukue sampuli juu ya lundo, kwa sababu mvua imeshaosha hapo. Chimbeni sentimita 60 ndani, kila aina ya mwamba na mfuko wake.

Maabara ikileta asilimia ya salfa, zidisheni kwa 31.25, mtapata kilo za chokaa ghafi zinazohitajika kuua asidi ya tani moja. Kisha linganisheni na uwezo wa mwamba wenyewe wa kujizimua. Uwezo huo ukiwa chini ya hitaji, kifusi kitatoa asidi. Ukizidi mara mbili, kwa kawaida ni salama. Katikati, pimeni tena kwa muda mrefu zaidi.

Mfano: kifusi chenye salfa asilimia 1.2 kinadai kilo 37.5 kwa tani. Hekta moja kwa kina cha sentimita 30 ina takriban tani 4,200, kwa hiyo inahitaji zaidi ya tani 157 za chokaa. Malori hayo hakuna atakayeyalipia. Hesabu hii moja ndiyo inayoonyesha kwa nini kifusi kibaya kinazikwa, hakipandwi juu yake.

Maji. Pimeni pH, chuma, alumini, manganizi na salfeti pale maji yanapotokea, na sehemu mbili za mto, juu na chini ya mgodi. Kasi ya maji ipimeni kwa ndoo: ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, mgodi unatoa lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku. Rudieni mwezi wa tatu na wa kumi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayoamua ukubwa wa mtaro na bwawa.

Mmefanikiwa pale mtu asiyewahi kufika mgodini anapoweza kuisoma ramani yenu na kusema kifusi gani kiende wapi.

## Hatua ya 4: Amueni ardhi itatumika kwa nini

Uamuzi huu ni wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye muhtasari na sahihi. Mpango usioonyesha matumizi ya baadaye hauna kipimo cha kusema kazi imekwisha.

Malisho ndiyo rahisi zaidi kufikia. Msitu unachukua muda mrefu lakini unasamehe makosa ya umbo la ardhi. Shamba la mahindi linadai udongo wa juu wa kutosha na mteremko mdogo. Ukiahidi shamba huku udongo haupo, umejifunga kitanzi. Bwawa la samaki linapendwa sana mikutanoni, nami nalipinga hadi maji yapimwe misimu miwili na pH ikae kati ya 6.5 na 8.5. Na bwawa liwe na upande mmoja wa mteremko laini, mtu au ng'ombe akitumbukia aweze kutoka.

Juu ya mahandaki, nyumba hazijengwi. Nguzo za makaa zilizoachwa chini huoza na kubomoka hata baada ya miongo.

## Hatua ya 5: Chora umbo jipya la ardhi

Maji kwanza, udongo baadaye. Anzeni na mtaro wa juu unaozuia maji ya mlimani kuingia kwenye eneo lililochimbwa. Kila lita inayopita pembeni ni lita ambayo hamtaisafisha.

Mteremko usizidi mita 1 ya kushuka kwa kila mita 3 za kwenda mbele. Kifusi kilichomwagwa na lori husimama kwa pembe kali kuliko hiyo, na ndiyo maana malundo yaliyoachwa jinsi yalivyo hupata makorongo masika ya kwanza tu. Kwenye mteremko mrefu wekeni makinga maji yanayofuata kontua, yakiishia kwenye mfereji uliojengwa kwa mawe.

Kifusi chenye asidi kiwekwe mahali pamoja: ama juu kabisa ya usawa wa maji ya ardhini, ama chini ya maji mwaka mzima. Pabaya kuliko pote ni pale maji yanapopanda masika na kushuka kiangazi, kwani kila mwaka kifusi kinapata hewa na maji kwa zamu. Kifungeni kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha kifusi kisicho na asidi chenye kina cha mita 1.2, kisha udongo wa juu.

## Hatua ya 6: Piga hesabu kana kwamba mwenye mgodi ametoroka

Mwenye mgodi huandika gharama kwa kutumia katapila lake, mafuta ya bei ya jumla na vijana wake. Kisha anafilisika, katapila linauzwa mnadani, na Serikali inabaki na namba isiyo na maana. Gharama halali ni ile ambayo mkandarasi mgeni angetoza kuleta mitambo kutoka mbali, kufanya kazi, kupata faida yake na kuondoka.

Chukueni mgodi wa wazi wa hekta 8. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Zenu zitoke kwa makandarasi watatu.

- Kusukuma na kusawazisha kifusi, mita za ujazo 150,000 kwa shilingi 6,000: milioni 900.
- Kubeba na kutandaza udongo wa juu, mita za ujazo 24,000 kwa shilingi 8,000: milioni 192.
- Mitaro, mifereji ya mawe na bwawa la kutuliza tope: milioni 110.
- Kupanda nyasi na miti, hekta 8 kwa shilingi milioni 5: milioni 40.
- Kutunza maji na kupima kwa miaka 10, milioni 12 kwa mwaka: milioni 120.

Jumla milioni 1,362. Tazameni miche: haifiki asilimia 3 ya kazi yote, na ndiyo iliyojaza picha kwenye mpango.

Ongezeni asilimia 25 kwa kuhamisha mitambo, usanifu, usimamizi na dharura. Tunafika milioni 1,702.5. Kama mgodi utafungwa miaka 6 ijayo na bei zinapanda asilimia 5 kwa mwaka, kiasi cha kuwekea dhamana kinakaribia milioni 2,282. Kifanyieni marejeo kila mwaka, kwa sababu bei ya dizeli haisubiri mpango.

Kama maji yatakuwa na asidi bila kikomo, futeni mstari wa miaka 10. Shilingi milioni 12 kila mwaka daima, kutoka kwenye mfuko unaopata asilimia 4 baada ya kuondoa mfumuko wa bei, zinahitaji mtaji wa milioni 300 usioguswa. Wajerumani wa bonde la Ruhr wamefanya hivyo kwa kiwango kikubwa: wakfu wa RAG, kampuni yao ya makaa, ulianzishwa mwaka 2007, mgodi wao wa mwisho wa makaa magumu ukafungwa Desemba 2018, na pampu za maji ya migodini sasa zinalipiwa na mapato ya uwekezaji wa wakfu huo. Pampu hizo hazina tarehe ya kuzimwa.

Tahadhari: msipunguze gharama kwa kutoa thamani ya chuma chakavu. Ikitokea mkakiuza, ni nyongeza. Mara nyingi kinaibwa kabla.

## Hatua ya 7: Fungia fedha nje ya mikono ya mgodi

### Mgodi ungali hai au mwenyewe anajulikana

Kuna njia tatu zinazofaa. Ya kwanza ni akaunti ya amana ambayo haitoi shilingi bila sahihi ya mamlaka. Inashikilia fedha ya mwenye mgodi, lakini haina ubishi. Ya pili ni dhamana ya benki. Someni tarehe yake: dhamana ya mwaka mmoja isiyohuishwa ni karatasi tu. Dai kifungu kinachoilazimu benki kutoa taarifa kabla haijaisha, na kinachoruhusu fedha kuitwa isipohuishwa. Ya tatu ni dhamana ya bima, ambayo lazima ilipe kwa kudaiwa, si baada ya kesi.

Ahadi ya kampuni, rehani ya mitambo, au "fedha tutazitenga mwaka wa mwisho" si dhamana.

Kwa mchimbaji asiye na mtaji wa kuweka zote kwa mkupuo, wekeni kwa tani. Milioni 2,282 zikigawanywa kwa tani 300,000 za makaa ni takriban shilingi 7,600 kwa tani. Lakini tani za mwisho huwa hazifiki: bei inashuka, mwekezaji anaondoka. Kusanyeni yote katika nusu ya kwanza ya uhai wa mgodi, yaani karibu shilingi 15,200 kwa tani. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa duniani, malori ya Ruvuma yalipanga foleni kuelekea bandari ya Mtwara. Mwaka kama huo ndio wa kufungia fedha. Mwaka uliofuata bei ya dunia ilikuwa imeporomoka.

Njia nafuu kuliko zote ni kukarabati huku unachimba: kifusi cha shimo la pili kinaingia moja kwa moja shimo la kwanza. Kila hekta iliyokamilika inapunguza dhamana, na kifusi hakibebwi mara mbili.

### Mwenyewe ametoweka

Gaweni kazi katika vyungu vitatu, kwa sababu hakuna mfadhili mmoja anayependa vyote.

Chungu cha mitambo ndicho kigumu. Anzeni kwa kuita dhamana kama ipo, na kumdai aliyekuwa na leseni. Kisha angalieni vumbi la makaa lililobaki: linaweza kuuzwa kwa watengenezaji wa mkaa mbadala. STAMICO, shirika la madini la taifa, wenyewe wanatengeneza mkaa huo kwa jina la Rafiki Briquettes. Mkiuza, pateni kibali cha Tume kwanza. Makaa ni madini hata yakiwa vumbi. Mgodi hai wa jirani nao unaweza kuchangia siku za mitambo kupitia mpango wake wa uwajibikaji kwa jamii, ambao Sheria ya Madini inataka ukubaliwe na halmashauri kila mwaka.

Hapa pana mkanganyiko unaoniudhi. Mgodi ukijenga darasa, halijalipia shimo. Ushuru wa huduma unaoingia halmashauri ni mapato ya halmashauri, wala si dhamana. Diwani anayekubali darasa badala ya ukarabati ameuza bonde la kijiji kwa bei ya mabati.

Chungu cha kupanda ni chepesi. Miradi ya ajira za muda ya TASAF (mfuko wa maendeleo ya jamii), kama ipo kwenu, inafaa kwa makinga maji na upandaji. TFS, wakala wa misitu, wana mbegu na miche. Mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inaweza kuanzisha kitalu cha kikundi cha wanawake au vijana, ila ni mkopo, na kikundi lazima kiwe na mkataba wa kuuza miche hiyo.

Chungu cha maji kinahitaji mtu wa kukaa nacho miaka mingi. Ishirikisheni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa mapema. Maji yenye chuma hayasimami kwenye mpaka wa kijiji.

Wamarekani walitatua suala la mashimo yasiyo na mwenyewe kwa sheria ya 1977: kila tani inayochimbwa leo inatozwa ada ya kukarabati migodi iliyotelekezwa kabla ya sheria hiyo, na mwaka 2021 bunge lao liliongeza zaidi ya dola bilioni 11. Wabunge wa mikoa ya makaa wana la kujifunza hapo.

Tahadhari: msiweke mapato ya hewa ukaa kwenye bajeti. Hekta 8 au 80 za miti michanga hazilipi hata gharama za uhakiki.

## Hatua ya 8: Kazi ya mitambo

Mitambo ifanye kazi Juni hadi Oktoba. Mpangilio usigeuzwe: mtaro wa juu na bwawa la tope, kisha kifusi chenye asidi na kifuniko chake, kisha umbo kubwa la ardhi, mwisho udongo wa juu. Mvua ya kwanza ikute mitaro tayari hata kama miti haijapandwa.

Tabaka la mwisho lisishindiliwe. Baada ya ile sheria ya Marekani ya 1977, wakandarasi wa milima ya Appalachia huko walisawazisha ardhi hadi ikawa ngumu kama uwanja wa ndege. Ilipendeza machoni pa mkaguzi, na miti ikadumaa kwa miaka. Wataalamu wao sasa wanataka mita 1.2 za udongo uliolegea ambao katapila limeupita mara moja au mbili tu.

Kipimo ni ile nondo. Isukumeni kwa mikono. Ikigoma kabla ya sentimita 30, mzizi nao utagoma; rudisheni katapila lenye meno lipasue kufuata kontua. Eneo linaweza kuonekana la hovyo, lenye vishimo na mabonge. Liacheni hivyo hivyo, maji yatatuama humo yazame.

## Hatua ya 9: Kupanda

Kitalu kianze Agosti, miche iwe tayari Desemba. Pimeni pH ya udongo uliotandazwa; ikiwa chini ya 5.5, wekeni chokaa ya kilimo wiki chache kabla ya mvua. Kwa walio upande wa Kiwira, chokaa ya Songwe iko jirani.

Msimu wa kwanza msipande miti kila mahali. Pandeni marejea, ambayo wakulima wa Ruvuma wanayajua tangu wamisionari wa Peramiho walipoyaeneza kama mbolea ya kijani, pamoja na nyasi za vetiva kwenye makinga maji na ukoka kwenye mteremko. Marejea yanaleta naitrojeni na kivuli, kisha mnayalaza ardhini. Msimu wa pili ndio wa miti: mninga, migunga, miombo na mingine ya asili ya eneo lenu.

Mikaratusi inaota upesi na kupendeza kwenye picha, lakini chini yake huota vichache. Nisingeipanda penye mteremko wala karibu na chemchemi.

Bamburi, Mombasa, wanatoa somo zuri. Mwaka 1971 René Haller, wa kampuni ya saruji ya huko, alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya mawe ya saruji, majani yakawa hayaozi, ndipo majongoo walipoletwa wakayasaga kuwa udongo. Msikopi mivinje yenyewe, kwa kuwa mawe ya pwani yana chokaa tele na kifusi cha makaa kina asidi. Kopini jicho lake: alichunguza nini kinakosekana ardhini kabla ya kuongeza miche.

Mbuzi ndio wakaguzi wakali kuliko wote. Bila sheria ndogo ya kijiji yenye faini, pesa ya chungu cha kupanda imeliwa.

## Hatua ya 10: Kufuatilia na kuachia dhamana kwa mafungu

Dhamana isiachiwe kwa mkupuo. Utaratibu wa Marekani unafaa kuigwa: asilimia 60 inaweza kurudi umbo la ardhi na mitaro vikikamilika, sehemu nyingine uoto ukishika, na iliyobaki baada ya miaka 5 ya uangalizi, au 10 kwenye maeneo makavu. Fungu la mwisho liwe kubwa kiasi cha kumfanya mwenye mgodi arudi kurekebisha korongo.

Kila mwaka pimeni maji mwezi wa tatu na wa kumi, sehemu zile zile. Hesabuni miche hai kwenye viwanja vidogo vya mita 10 kwa 10 vilivyowekwa alama. Tembeeni mitaro yote baada ya mvua kubwa ya kwanza. Jiwe moja lililohama leo ni korongo la Aprili. Kama mmejenga mfereji wa mawe ya chokaa wa kusafisha maji, yakwangueni: chuma kikiyafunika kwa ganda la rangi ya machungwa yameacha kufanya kazi, yabadilishwe.

Makabidhiano yafanyike kwa faili mbili, moja ofisi ya kijiji na nyingine kwa Afisa Madini Mkazi. Ndani yake kuwe na ramani ya mwisho, mahali kifusi chenye asidi kilipozikwa, matokeo yote ya maji, na mkataba wa mfuko wa maji wenye majina ya vyeo vinavyotia sahihi. Ramani ya mahandaki itolewe nakala ya tatu kwa afisa ardhi wa wilaya, naye asaini kuipokea, asije akapima viwanja juu yake.